Maji ya Tampaksiring

Hekalu la Tirta Empul liko katika kijiji cha Manukaya, eneo la Tampaksiring, mwendo wa kilomita zipatazo 15 kaskazini mashariki ya mji wa Ubud, kisiwani Bali. Limejengwa bondeni, chini ya kilima chenye miti, mahali ambapo maji baridi hububujika kutoka ardhini usiku na mchana, masika na kiangazi. Jina lenyewe ni la maji: tirta ni maji matakatifu, na empul ni mbubujiko. Maandishi ya kale yanaonyesha kwamba chemchemi hii ilitengenezwa kuwa mahali pa ibada mwaka 962, na hadi leo watu wanakuja kuoga.

Msafiri anayesikia umri huo hutarajia magofu, naye hukuta kuta zilizonyooka na michongo ambayo bado ina makali yake. Mahekalu ya Bali hujengwa kwa paras, jiwe laini la majivu ya volkano yaliyogandamana, ambalo fundi hulichonga karibu kwa wepesi wa kuchonga mti. Ulaini huo ndio uliowapa mafundi wa kisiwa hiki nafasi ya kujaza maua, nyoka na nyuso za mazimwi kila penye ukuta, na ndio huohuo unaoufanya ukuta usidumu. Mvua hulila jiwe, kuvumwani hulifunika, na mara kwa mara ardhi hutikisika: tetemeko la Januari 1917 liliangusha mahekalu mengi kwa mkupuo mmoja. Kila kizazi basi hubomoa, huchonga na kujenga upya, wala hakioni kwamba kimepoteza kitu. Sehemu kubwa ya majengo yanayoonekana leo Tirta Empul ni kazi ya ukarabati wa karne ya 20. Mtu akiuliza ni kipi hasa cha kale katika hekalu hili la kale, asikitafute ukutani. Akitafute kwenye maji, na kwenye yale ambayo watu huyafanya kwa maji hayo.

Ushahidi wa jambo hili ni jiwe moja. Limehifadhiwa katika hekalu dogo la Sakenan, papo hapo Manukaya, nalo lina maandishi yaliyofifia. Kila mwaka, katika usiku wa mwezi mpevu wa mwezi wa nne wa kalenda ya Saka, ambao huangukia Septemba au Oktoba, wanakijiji hulibeba kwa maandamano hadi Tirta Empul, wakalitakasa kwenye chemchemi, kisha wakalirudisha mahali pake. Hakuna kati yao aliyejua limeandikwa nini, kwa kuwa lugha na herufi zake zilikuwa zimekwisha kusahauliwa. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mwanaakiolojia Mholanzi aitwaye Willem Stutterheim alilichunguza na kulisoma. Lilieleza jinsi mfalme Candrabhaya Singha Warmadewa alivyoitengeneza chemchemi, na likataja tarehe: mwaka 884 wa Saka, kalenda ambayo iko nyuma ya ile ya kimataifa kwa miaka 78, mwezi wa nne, siku ya mwezi mpevu. Ndiyo siku ileile ya maandamano. Kwa karibu miaka elfu moja kijiji kilikuwa kimeishika tarehe bila kuweza kuisoma. Wanahistoria huwa na mazoea ya kuyaamini maandishi na kuyatilia shaka mapokeo. Manukaya, maandishi yalikuja nyuma kuthibitisha kile ambacho miguu ya watu ilikuwa inakijua.

Candrabhaya alikuwa wa ukoo wa Warmadewa, uliotawala Bali katika karne ya 10 na ya 11. Kitovu cha ufalme wao kinaaminika kuwa katika ukanda mwembamba kati ya mito miwili, Pakerisan na Petanu, inayoteremka sambamba kutoka milimani kuelekea baharini. Ndani ya ukanda huo, ambao pikipiki huumaliza kwa muda mfupi, mabaki ya kale yamesongamana kuliko mahali pengi kisiwani. Bedulu kuna Goa Gajah, pango ambalo mlango wake umechongwa kuwa kinywa cha zimwi. Pejeng kuna ngoma ya shaba nyeusi yenye kimo cha karibu mita mbili, kongwe kuliko ufalme wenyewe, iliyowekwa juu ya kibanda chake kiasi kwamba mgeni huitazama kwa kukaza shingo. Wenyeji husimulia kuwa ni gurudumu lililochomoka kwenye gari la mwezi. Na kusini kidogo mwa Tirta Empul, ukingoni mwa Pakerisan, yako mahekalu ya mwambani ya Gunung Kawi.

Wenyeji wana maelezo yao kuhusu asili ya chemchemi, na humo Candrabhaya hatajwi kabisa. Husimuliwa kwamba palikuwa na mfalme jina lake Mayadenawa, mwenye uwezo wa kujigeuza umbo lolote alitakalo. Nguvu zikamlevya. Akapiga marufuku ibada na sadaka, na miungu ikakosa haki yake. Mmoja wao, Indra, akashuka na jeshi lake, vita vikapigwa mchana kutwa, na Mayadenawa akazidiwa. Usiku akanyemelea kambi ya adui zake akitembea kwa kingo za nyayo ili asisikike, na ndiyo maana mahali pakaitwa Tampaksiring, nyayo zilizoinama upande. Jirani na kambi akatoa chemchemi ya sumu. Kulipokucha askari wakanywa, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Indra akaichoma ardhi, na hapo alipochoma pakafoka maji mengine. Waliokuwa wameanguka wakanyunyiziwa, wakainuka. Maji hayo ndiyo Tirta Empul. Mayadenawa akakimbia, akajigeuza hiki na kile, mwishowe mshale ukamkuta. Damu yake ikatiririka ikawa mto Petanu, na mto huo ukalaaniwa: mpunga utakaonyweshwa kwao utastawi haraka, lakini siku ya kuvuna mabua yatatoka damu. Kwa vizazi vingi wakulima waliyaogopa maji yake.

Pengine hadithi hii husomwa vizuri zaidi kama ramani. Inawapa watu mito miwili iliyo jirani, mmoja wa uzima na mwingine wa laana, na inaeleza kwa nini heshima yote iko upande huu na si ule. Ushindi dhidi ya Mayadenawa hukumbukwa katika sikukuu ya Galungan, inayorudi kila baada ya siku 210, na barabara zote za kisiwa husimikwa mianzi mirefu iliyopambwa, kila mmoja ukiinamisha ncha yake juu ya njia.

Zaidi ya watu wanane katika kila kumi wa Bali ni Wahindu, ndani ya Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Uhindu wao hauko kama ule wa India. Umeshikana na ibada ya wahenga, ya milima na ya maji, pamoja na masalia ya Ubudha, kiasi kwamba jina mojawapo la zamani la dini hii ni Agama Tirta, dini ya maji matakatifu. Maji yaliyoombewa na kuhani hutumika mtoto anapotimiza miezi yake ya kwanza, kijana anapochongwa meno, maharusi wanapooana na maiti inapochomwa. Hakuna ibada inayokamilika bila tone lake. Na maji hayalingani: ya chemchemi hii yana kazi yake, ya ziwa lile yana yake, na watu husafiri kwa saa nyingi kuyachota mahali panapostahili.

Jambo la pili linalomshangaza mgeni ni utupu. Aliyezoea mahekalu ya India hutafuta sanamu ya mungu aliyeketi ndani akisubiri kuonwa, asimwone. Vijumba vya ibada vya Bali vina kiti kisichokaliwa, au kibanda kilichofungwa, au mnara wa paa nyingi uitwao meru, wenye paa tatu, tano na kuendelea, daima idadi witiri, hadi kumi na moja. Miungu haiishi humo. Inaishi juu, upande wa milima, na hualikwa kushuka siku ya odalan, sikukuu ya hekalu husika, ambayo katika mahekalu mengi hurudi kila baada ya siku 210 na katika mengine hufuata mwezi mpevu. Siku hizo vijumba huvishwa vitambaa vya rangi, wanawake hufika na minara ya matunda na keki vichwani, muziki wa gamelani hupigwa, wageni wa mbinguni huketishwa, hulishwa, huchezewa, kisha huagwa. Siku nyingine zote hekalu ni uwanja uliofagiwa tu. Msafiri akikuta Tirta Empul kimya asidhani amekosa kitu kilichofichwa. Mwenye nyumba hayupo.

Kwa sababu hiyo, tarehe ya kufika ina uzito kuliko kitabu chochote cha mwongozo, na kuuliza ni odalan ya wapi wiki hii ni swali ambalo mwenyeji yeyote hulijibu kwa furaha. Ipo siku moja isiyofaa kabisa. Ni Nyepi, mwaka mpya wa Saka, ambayo kwa kawaida huwa Machi: taa huzimwa, barabara hubaki tupu, uwanja wa ndege hufungwa kwa saa 24, na hata wageni hawaruhusiwi kutoka hotelini. Mambo mengine ya safari ni mepesi. Usafiri wa umma kuelekea Tampaksiring ni haba, kwa hiyo wengi hukodi gari pamoja na dereva, au pikipiki kama wana uzoefu nayo. Tangu tarehe 14 Februari 2024 kila mgeni wa kigeni anayeingia Bali hulipa ushuru wa rupia 150,000, na tiketi ya hekalu hulipwa mbali, mlangoni. Anayetaka utulivu hufika lango linapofunguliwa asubuhi. Baada ya hapo mabasi ya watalii kutoka hoteli za kusini huanza kumwaga watu, na hadi alasiri hapana pa kukanyaga.

Mavazi hayana mjadala. Mwanamume na mwanamke hujifunga kamben, kitambaa cha kiunoni mfano wa kikoi, na juu yake mshipi wa kitambaa uitwao selendang. Mshipi huo si pambo: kwa imani ya Wabali unaitenga sehemu ya juu ya mwili, yenye fikra safi, na sehemu ya chini yenye tamaa. Vitambaa huazimwa mlangoni, na mgeni asiyejua kufunga hufungiwa.

Hekalu la Bali huwa na nyua, kwa kawaida tatu, ambazo utakatifu wake huongezeka kadiri mtu anavyosonga ndani, na aghlabu ua wa ndani ndio ulio upande wa milima. Mlima ndio dira ya kisiwa hiki. Wabali hutaja kaja, kuelekea mlimani, na kelod, kuelekea baharini, kwa hiyo kaja ya mtu wa pwani ya kusini ni kinyume cha kaja ya mtu wa pwani ya kaskazini, na wote wawili wako sahihi. Mtu huingia kwa candi bentar, lango lililopasuka: kana kwamba fundi alijenga mnara, akaupasua katikati kwa pigo moja la panga, kisha akazisogeza nusu mbili kando zikaacha njia. Nyuso za ndani za nusu hizo huachwa laini, bila mchongo hata mmoja, ilhali pande zote nyingine zimejaa. Miti mikubwa ya jamii ya mkuyu na sanamu za walinzi hufungwa kitambaa cha mirabaraba myeupe na myeusi, poleng, kinachoonya kwamba hapo pana nguvu na mtu asipachezee.

Katika Tirta Empul ua wa kati ndio wenye mabirika ya kuogea, na ua wa ndani ndio wenye chemchemi. Wengi huishia mabirikani, wakapiga picha na kuondoka, na hivyo hukosa kile kilichosababisha mengine yote. Nyuma ya ukuta, ndani ya birika pana la mstatili lililozungushiwa kingo, maji ni maangavu kabisa, majani ya kijani kibichi yamelala chini yake, na hapa na pale mchanga mweusi wa volkano unatokota kama uji jikoni. Hapo ndipo maji yanapotoka ardhini. Hakuna kelele wala povu. Yakisha kujaa hupita chini ya ukuta na kutokea upande wa pili kwenye safu ya midomo ya jiwe, jumla yake ikiwa kama thelathini, iliyopangwa juu ya mabirika. Kutoka hapo huanza safari ya kujiunga na mto Pakerisan.

Ibada ya kuoga huitwa melukat, na lengo lake ni kuondoa uchafu ambao sabuni haiuondoi: huzuni, ugonjwa, ndoto mbaya, mabaki ya ugomvi. Birika hili linaweza kumkumbusha mtu wa mwambao birika la udhu msikitini, lakini udhu hutangulia ibada, na melukat ni ibada yenyewe. Mtu huanza nchi kavu kwa sala na sadaka. Sadaka ya kawaida ni canang sari, kisahani kidogo kilichosukwa kwa makuti machanga ya mnazi na kutiwa maua ya rangi tofauti, kila rangi ikielekezwa upande wake, na kijiti cha udi juu yake. Kisha huingia majini, ambayo humfika kiunoni na ni baridi ya kukata pumzi, na kuanza na mdomo wa mwisho upande wa kushoto akisonga kulia. Kwenye kila mdomo hukunja viganja, huomba, hunawa uso, kisha huingiza kichwa chini ya maji yanayomiminika. Kuelekea mwisho wa safu ya kwanza iko midomo miwili ambayo waogaji huiruka. Maji yake ni ya ibada za wafu, na aliye hai hana shughuli nayo. Mgeni asiyeambiwa hilo hujitumbukiza hapo akifurahi kwamba hapana foleni.

Wageni wasio Wahindu wanaruhusiwa kuoga, wakivaa kitambaa maalumu cha kuogea kinachotolewa hapo hapo. Ruhusa hiyo ni ukarimu mkubwa, na haitumiwi vizuri nyakati zote. Siku za msongamano, foleni iliyo majini huwa na wenye mikono iliyokunjwa na wenye simu zilizoinuliwa, na bibi aliyetoka kijiji cha mbali kuja kumwombea mjukuu mgonjwa husubiri mtu apate picha yake ya tatu. Asiyetaka kushiriki ibada isiyo ya dini yake hakosi adabu kwa kukaa pembeni na kutazama. Pengine ndiye anayeona zaidi. Mwanamke aliye katika hedhi na mtu aliyefiwa karibuni hawaingii hekaluni kabisa, Mbali au mgeni, na sheria hiyo huandikwa mlangoni. Haifai kupita mbele ya watu wanaosali, kupanda juu ya ukuta au kijumba ili kupata picha, wala kusimama juu zaidi ya kuhani aliyeketi. Mwaka 2023 serikali ya mkoa ilitoa waraka kwa wageni ukikataza, miongoni mwa mengine, kupanda miti na majengo matakatifu, jambo linaloonyesha kwamba kulikuwa na waliopanda.

Juu ya kilima, likitazama moja kwa moja mabirikani, liko jumba jeupe la kisasa. Ni ikulu ya Tampaksiring, iliyoanza kujengwa mwaka 1957 kwa ajili ya Sukarno, rais wa kwanza wa Indonesia, ambaye mama yake alikuwa Mbali wa kaskazini ya kisiwa. Katika nchi ambayo utakatifu hupimwa kwa kimo, nyumba ya mwanadamu iliyoketi juu ya chemchemi ya miungu ni jambo la kuinua nyusi, na wako wanaoinua hadi leo.

Kutoka hapo hadi Gunung Kawi ni mwendo wa dakika chache kwa gari. Kisha gari halifai tena, kwani kilichobaki ni ngazi kama mia tatu za jiwe zinazoteremka kwenye korongo la Pakerisan, zikipita kati ya vibanda vya wauza vitambaa na majaruba ya mpunga, na mwishoni kupenya mlango uliokatwa kwenye mwamba. Mto hunguruma kabla haujaonekana. Pande zote mbili za maji, ndani ya vishubaka vilivyochimbwa katika ukuta wa korongo, zimesimama candi, minara ya ukumbusho yenye kimo cha mita saba hivi, ikiwa imechongwa kwenye mwamba uleule bila hata jiwe moja kupachikwa. Ziko kumi: tano mashariki ya mto, nne magharibi, na moja imejitenga kusini. Milango yake ni ya bandia. Hakuna vyumba nyuma yake, wala mifupa wala majivu, kwa kuwa si makaburi: ni mahali pa kumkumbuka mfalme aliyekwisha kutakaswa na kuwa mungu.

Kazi hii ni ya karne ya 11. Juu ya mlango wa candi mojawapo upande wa mashariki kuna maneno mafupi ya Kijava cha kale yanayomtaja mfalme aliyewekwa mahali paitwapo Jalu, na wataalamu wengi huihusisha na Udayana, mzao wa Warmadewa aliyemwoa Mahendradatta, binti mfalme wa Java. Mtoto wao Airlangga alikwenda kutawala Java Mashariki. Mdogo wake, Anak Wungsu, alibaki na Bali na kutawala kwa zaidi ya robo karne, na inadhaniwa ndiye aliyesimamia uchongaji. Candi nne za ng'ambo huhesabiwa kuwa za wake wa kifalme. Wenyeji, kwa upande wao, husema vyote vilichongwa na jitu Kebo Iwa, kwa kucha zake, kwa usiku mmoja. Mtu akisimama chini na kutazama ukuta ule ulivyo wima, maelezo ya kucha hayaonekani ya ajabu sana.

Gunung Kawi ni kinyume cha Tirta Empul kwa namna ya ujenzi. Hapa hakuna kilichobomolewa na kujengwa upya, kwa kuwa jengo na mlima ni kitu kimoja, na kile ambacho maji ya mvua yameking'ata kwa miaka elfu kimebaki hivyo. Nyuso za michongo zimefutika, mistari imelainika, na kuvumwani imeingia kila penye ufa. Kando ya candi za mashariki kuna seli zilizochimbwa mwambani ambamo watawa walikaa. Humo viatu huvuliwa, na mwangwi wa mto huingia pamoja na mgeni.

Maji yaliyotoka Tirta Empul hayaishii kwenye ibada. Chini ya chemchemi huanza mifereji, mingine ikitoboa milima kwa mahandaki yaliyochimbwa kwa mikono, na kuyapeleka mashambani. Mifereji hiyo husimamiwa na subak, vyama vya wakulima wanaotumia chanzo kimoja cha maji. Vinatajwa katika maandishi ya kale tangu karne ya 11, na kila kimoja kina kiongozi wake, kanuni zake, faini zake na hekalu lake. Hekalu ndilo linalopanga nani apande lini. Mashamba ya bonde zima yakipumzishwa kwa pamoja, wadudu na panya hukosa chakula na kufa; yakipandwa yote siku moja, maji hayatoshi. Kupata uwiano kati ya mambo hayo mawili ndiyo kazi ya ratiba ya ibada.

Katika miaka ya 1970 serikali ilihimiza mbegu mpya na kupanda mfululizo bila kungojea ratiba ya hekalu. Mavuno yalipanda kwanza, kisha wadudu na magonjwa ya mpunga yakaenea, na maji yakawa ugomvi. Mwanaanthropolojia Mmarekani J. Stephen Lansing, akishirikiana na mwanaikolojia James Kremer, aliigiza mfumo huo kwa kompyuta akitumia mabonde ya mito ya Oos na Petanu. Ndiyo, Petanu ileile ya damu ya Mayadenawa, ambayo siku hizi hunywesha mpunga bila wasiwasi. Matokeo yalionyesha kwamba mpangilio wa mahekalu ya maji ulikuwa karibu na ule ambao ungeleta mavuno makubwa kuliko yote. Mwaka 2012 UNESCO iliiweka mandhari ya subak katika orodha ya urithi wa dunia, na bonde la Pakerisan ni mojawapo ya maeneo yaliyotajwa.

Anayepanda ngazi za Gunung Kawi kurudi barabarani huyapita mashamba hayo kwa karibu, na kwa kuwa kupanda kunachosha kuliko kuteremka, ana muda wa kutazama. Kwenye pembe ya juu ya jaruba, pale mfereji unapoingizia maji shambani, husimama kibanda kidogo cha mianzi kisichofika kifuani. Kabla ya kupanda, mkulima hukiwekea sadaka, na papo hapo hudondosha matone ya maji matakatifu aliyoyabeba kutoka hekalu lililo juu yake, ili yatangulie yale ya mfereji.